MNARA UPO, MTANDAO HAUPO: Nani anamtetea mteja wa kijijini?

Najua nimekuwa kimya kama wiki tatu hivi, na wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa kijijini kwa bibi, wilaya ya Liwale, mkoa wa Lindi, na kule ukitaka kuingia intaneti lazima kwanza upande kichuguu. Sitanii. Nyuma ya mikorosho ya mjomba kuna kichuguu kikubwa, ukisimama juu yake ukageukia upande wa barabara unapata vijiti viwili vya mtandao. Watu wamepaita "Posta". Utasikia mtu anasema, "Ngoja niende Posta nimpigie mwanangu wa Dar."

Sasa mwaka jana mnara ulisimikwa, kama kilomita sita kutoka pale kwetu. Bibi anasimulia kwamba siku ulipowashwa watu walipiga vigelegele, na yeye mwenyewe alimpigia mama akiwa amekaa jikoni kwake, kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu dunia iumbwe. Nikajua habari ya Posta imekwisha.

Haijaisha. Nimefika mwezi uliopita nikakuta kichuguu kina njia iliyokanyagwa vizuri tu. Nikauliza, "Bibi, si mna mnara?" Akanijibu, "Mjukuu wangu, mnara upo. Mtandao ndio haupo."

Hiyo kauli ndiyo imenifanya niandike leo. Mimi siyo mtaalamu wa mawasiliano, ni kijana wa fomu foo kama wengi wenu mnaosoma hapa kwa kulipia dakika. Lakini nimefuatilia hili suala, nimesoma nilichoweza kusoma, na nimeona jambo ambalo naona linasahauliwa. Twende taratibu.

USIKU WA SHEMEJI

Kwanza niwape kisa, maana bila kisa mtasema naongelea nadharia.

Nilipokuwa kule, shemeji yangu alishikwa na uchungu usiku, kama saa tano hivi. Zahanati iko mbali na hali yake haikuwa nzuri. Wengi wenu mnaujua mpango wa m-mama, ule wa kusafirisha wajawazito na watoto wachanga wakipata dharura. Rais Samia aliuzindua kwa ajili ya nchi nzima Aprili 2022, baada ya kufanyiwa kazi kwa miaka kadhaa huko Kanda ya Ziwa. Unapiga 115, ni bure. Anapokea mhudumu wa kituo cha uratibu, anatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana anampigia dereva wa kawaida aliyesajiliwa kwenye mpango. Dereva analipwa kwa simu. Kwa kweli ni mpango mzuri, na anayeusifu hakosei.

Lakini angalia hapo: kila hatua ni simu. Kupiga ni simu, kumwita dereva ni simu, kumlipa ni simu. Na usiku ule mnara ulikuwa umezimika tangu saa moja jioni. Kaka akachukua tochi akakimbia Posta, lakini Posta nayo siku hizi inategemea bahati. Alikaa juu ya kile kichuguu zaidi ya nusu saa akinyoosha mkono juu kama mtu anayetungua embe. Hakuna kitu. Mwisho tukamwamsha kijana mwenye boda, akampakia shemeji katikati yake na mama mmoja wa jirani, wakaenda hivyo hivyo gizani kwenye mchanga.

Mtoto amezaliwa, mama yuko salama, tunamshukuru Mungu. Ila ndugu zangu, hiyo ni bahati. Haikuwa huduma.

Kesho yake saa nne asubuhi mtandao ukarudi. Hakuna aliyesema ulikuwa wapi, na hakuna aliyeomba radhi. Zaidi ya hapo, kaka alikuwa amejiunga bando la buku la saa 24 jana yake saa kumi na mbili jioni. Piga hesabu. Saa moja tu alilitumia kabla mnara haujazima. Saa 15 mnara ukawa umelala. Zikabaki saa 8. Kwa hiyo kati ya saa 24 alizolipia alipata 9. Katika buku yake, shilingi 625 ziliondoka na giza.

Mtasema 625 ni nini. Sasa zidisha kwa kila mtu aliyejiunga siku ile pale kijijini, halafu zidisha kwa siku ambazo mnara unazima kwa mwezi. Halafu ukumbuke kule kuna mtu anayelipa jero kuchajisha simu dukani kwenye sola. Anayelipia chaji, analipia bando, na bado hapati mtandao, huyo amelipa mara mbili kwa kitu asichokipata.

TUWE WA KWELI: SERIKALI HAIJALALA

Sipendi zile blogu za kulaumu tu, kwa hiyo niseme yaliyofanyika.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania, na karibu theluthi mbili kati yao wanaishi vijijini. Kampuni za simu ni biashara. Zinaweka mnara penye watu wengi na hela. Kijiji kilichotawanyika, wakulima wanaopata hela msimu mmoja kwa mwaka, umeme hakuna, barabara mbovu, kwa nini meneja wa kampuni aende huko? Mnara unataka umeme saa zote. Kama gridi haijafika basi ni jenereta na dizeli, au sola na betri. Dizeli hiyo ipelekwe na gari kwenye barabara ambayo masika haipitiki. Halafu wimbi la mtandao halipendi vilima wala misitu. Mnara wa GSM wa kawaida unaweza kufika kama kilomita 35 kwa hesabu za kitabuni, lakini ukiweka kilima katikati hata kilomita 5 ni shida.

Ndiyo maana ikatungwa sheria mwaka 2006 ya kuanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ule tunaouita UCSAF. Unavyofanya kazi ni hivi: mfuko unatafuta kata ambazo kampuni zimezikimbia, unatangaza zabuni, na kampuni zinasema zinahitaji ruzuku kiasi gani ili zikajenge huko. Ile inayoomba ruzuku ndogo, na imetimiza masharti, ndiyo inapewa kazi. Mnara unakuwa wa kampuni, inauendesha yenyewe.

Mei 2023 pale Dodoma ilisainiwa mikataba ya minara 758, mbele ya Rais. Kata 713, vijiji 1,407, wilaya 127, mikoa 26. Ilielezwa kwamba watu kama milioni 8.5 watafaidika. Ruzuku ya serikali ilitajwa kuwa shilingi bilioni 126. Ukigawa kwa minara 758 unapata kama milioni 166 kwa kila mnara, na kilichobaki kampuni inaongeza yenyewe. Mingi ya minara hiyo imeshawashwa. Hilo siyo jambo dogo, na mtu yeyote aliyewahi kupanda kichuguu ili aongee na mama yake hawezi kulidharau.

Kwa hiyo swali langu siyo "minara iko wapi." Swali langu ni: ukishakatwa utepe, kinafuata nini?

TUNAHESABU VYUMA, HATUHESABU SAA

Angalia habari zinavyotangazwa. "Minara kadhaa imekamilika." "Kata kadhaa zimefikiwa." Vilevile na laini. Mwishoni mwa 2024 laini za simu zinazotumika nchini zilikuwa zimeshapita milioni 80, yaani laini ni nyingi kuliko watu. Ukisikia hivyo unaweza kudhani nchi nzima inaongea mpaka inachoka.

Lakini laini nyingi siyo lazima iwe dalili ya mtandao mzuri. Wakati mwingine ni dalili ya mtandao mbovu! Mjomba wangu ana laini tatu. Siyo kwamba ni tajiri. Moja inashika nyumbani, moja inashika shambani, na ya tatu ndiyo inayofanya kazi kwenye chama cha ushirika wanakouza korosho. Kwenye takwimu yeye ni wateja watatu. Kwenye maisha yake ni mteja mmoja anayesumbuka mara tatu.

Halafu kuna suala la aina ya mtandao. Mnara wa 2G unakuwezesha kupiga simu, kutuma meseji na kutuma hela. Siyo kidogo. Lakini huwezi kumwambia mkulima afuatilie mnada kwa simu wakati simu yenyewe haifungui hata picha. Msimu wa 2024/2025 minada ya korosho ilianza kuendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa TMX. Mfumo huo ni wa kisasa kabisa. Mkulima mwenyewe yuko juu ya kichuguu.

Kwa hiyo mimi naona kuna maswali matatu ya kuuliza kila mnara, siyo moja. Unawaka saa ngapi kwa siku? Unabeba nini? Na ukizimika, mwananchi anamwambia nani? Tunachotangaziwa ni jibu la swali ambalo halimo hata kwenye haya matatu.

HAKI ZIPO, ILA ZIMEKAA MJINI

Hapa ndipo patamu. Kisheria mteja wa simu Tanzania hajaachwa uchi. Sheria ya 2003 iliunda TCRA, ambayo ilianza kazi Novemba mwaka huo huo. Ndani ya sheria hiyo hiyo likawekwa Baraza la Ushauri la Watumiaji, ambalo kazi yake ni kutusemea sisi wateja. Mwaka 2010 ikaja sheria kubwa ya mawasiliano ya kielektroniki na posta, EPOCA, na chini yake zipo kanuni za kumlinda mlaji na kanuni za ubora wa huduma. TCRA inapima ubora wa mitandao na inaweza kuipiga kampuni faini.

Utaratibu wa malalamiko unasemaje? Unaanza kwa kampuni yenyewe. Usiporidhika unakwenda TCRA. Usiporidhika tena unakwenda Baraza la Ushindani. Umeandikwa vizuri.

Sasa weka bibi yangu kwenye utaratibu huo. Hatua ya kwanza, apige huduma kwa wateja. Kwa mtandao upi? Mtandao si ndio huo anaoulalamikia! Akienda Posta akabahatisha vijiti viwili, anasikilizishwa muziki, bonyeza moja, bonyeza mbili, mara chaji imekwisha. Aende duka la kampuni? Liko mjini, nauli kwenda na kurudi inazidi salio lake la mwezi mzima. Aandike barua pepe? Tuendelee tu na mengine.

Mimi mwenyewe nilijaribu. Niliporudi mjini nilipiga huduma kwa wateja ya kampuni husika (siitaji, maana nataka tuongelee mfumo). Dada aliyepokea alikuwa mpole kweli. Akaniuliza, "Kaka, tatizo unalo sasa hivi?" Nikamwambia hapana, sasa hivi niko mjini, tatizo liko kijijini. Akasema, "Basi ukiwa na tatizo utupigie tena." Jamani! Nikiwa na tatizo siwezi kukupigia, hilo ndilo tatizo lenyewe!

Wadau, kama kuna jambo moja nataka mlibebe kutoka kwenye makala hii ni hili. Mtandao ukizima mjini, tunahamia laini nyingine tunapiga kelele mpaka waziri anasikia. Mtandao ukizima kijijini, na malalamiko yanazima nao.

USHAHIDI WA KELELE

Mnaweza kusema nakuza mambo. Haya, tuangalie historia ya karibuni.

Aprili 2021 kampuni zilibadilisha bei za vifurushi mara tu kanuni ndogo mpya za vifurushi zilipoanza kutumika. Watu mijini waliamka wakakuta bando limekatwa miguu. Mnakumbuka ile vurugu ya mtandaoni? Haikupita muda, serikali ikasimamisha bei mpya na zile za zamani zikarudi.

Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi. Kelele tena. Septemba mwaka ule ule ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikaendelea kupunguzwa.

Kabla ya hapo, usajili wa laini kwa alama za vidole. Mwisho ulikuwa 31 Desemba 2019. Foleni za NIDA zikawa kama za mkutano wa injili. Rais Magufuli akaongeza siku 20, mpaka 20 Januari 2020.

Mambo yote matatu yaliwagusa watu wa mjini na wa kijijini, lakini waliosikika zaidi ni wale waliokuwa na mtandao wa kulalamikia. Na mara zote kelele zilizaa kitu. Siyo kwamba wakubwa hawasikii. Wanasikia. Ila wanasikia kinachowafikia, na mnara uliozima siku mbili huko Liwale, au Malinyi, au Uvinza, haupeleki meseji ya kujishtaki.

Jirani zetu Kenya nao wana fundisho. Oktoba 2019 wakili mmoja alikwenda kwenye baraza la rufaa la mawasiliano kulalamikia data anazozilipia kuisha muda kabla hajazitumia. Mwezi huo huo Safaricom ikaleta bando lisiloisha muda. Mtu mmoja, malalamiko yaliyoandikwa, na mlango wa kuyapelekea. Ukiwa na hivyo vitatu mambo yanasogea. Bibi yangu ana cha kwanza tu.

NA MATAPELI JE?

Nisisahau hili maana ni sehemu ya kumlinda mteja. Siku tano tu baada ya mnara kuwashwa, bibi alipokea ile meseji yetu maarufu, "ile hela tuma kwenye namba hii." Bahati nzuri siku hiyo kweli alikuwa anataka kumtumia mtu hela ya dawa ya mikorosho. Nasema bahati nzuri, maana mjomba alikuwepo akamshtua. Angekuwa peke yake angeituma kwa huyo tapeli.

Sisi wa mjini tumeshazoea, tunacheka, tunafuta. Mtu aliyepata mtandao jana hajazoea. Mnara unapofika kijijini unaleta mtandao na matapeli siku moja, lakini elimu inakuja kwa miguu. Kwa hiyo nyie mnaosoma hapa, mkienda likizo waambieni wazee mambo mawili. Namba ya tapeli inatumwa kwenda 15040. Na ukipiga *106# (yaani nyota 106 reli) unaangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, ujue kama kuna mtu amesajili laini kwa jina lako. Hizo ni bure na zinafanya kazi hata kwenye kitochi.

Na mawakala nao wapo wajanja. Makato ya kutoa hela yanajulikana, kampuni zinayachapisha, lakini kijijini wakala ni mmoja na anaweza kukuongezea "hela ya usafiri wa floti." Utabishana naye halafu uende wapi?

MIMI NAPENDEKEZA NINI

Kulalamika bila pendekezo ni umbea. Yangu ni manne.

Moja. Mnara ukizima, saa za bando zisimame. Kwani ni ngumu? Kampuni inajua simu yako mara ya mwisho ilikuwa kwenye eneo gani, bila hivyo simu isingekufikia ukipigiwa. Na inajua mnara wake umezima saa ngapi. Hizo taarifa mbili ziko kwenye kompyuta zao tayari. Mteja aliyekuwa hapo arudishiwe saa zake bila kuomba. Siyo hisani, ni kitu alichonunua.

Mbili. Kila mnara uliojengwa kwa ruzuku uwe na namba yake, iandikwe kwa rangi pale kwenye uzio na kwenye ofisi ya mtendaji wa kata. Mtandao ukikatika, mwenyekiti wa kijiji, mwalimu au yeyote anayekwenda mjini anaripoti namba ile kwa njia ya bure, ya nyota na reli, kutoka mtandao wowote. Siyo lazima aseme "huku kwetu karibu na mwembe."

Tatu. Zitangazwe saa, siyo vyuma tu. Kila robo mwaka, kata kwa kata: mnara namba fulani umewaka siku ngapi na umezima siku ngapi. Bandika kwenye ubao wa kata. Diwani akiulizwa awe na karatasi mkononi. Tumetoa bilioni 126 za umma, kuuliza kama vinawaka siyo uchochezi.

Nne. Palipo na mnara mmoja, watu wa laini zote wautumie. Ukivuka mpaka kwenda nchi nyingine simu yako inashika mtandao wa wenyeji bila wewe kufanya chochote. Kama inawezekana mtu wa Dar kushika mtandao wa Nairobi, inawezekana mtu wa laini moja kushika mnara wa laini nyingine Liwale. Mjomba apumzike na laini zake tatu.

UPANDE WA PILI

Nimeongea na jamaa mmoja anayefanya kazi za kuhudumia minara, akanisuta kidogo na nimeona niwe muungwana niyaweke. Anasema, "Mnalaumu kampuni tu, mbona hamsemi dizeli inaibiwa na nani? Betri za sola zinaibiwa na nani?" Kweli. Kuna wanakijiji wanaonyonya dizeli ya mnara usiku halafu asubuhi wanalalamika mtandao hakuna. Tukitaka mnara uwake, ulinzi wake nao ni wetu. Hapo sina ubishi.

Akasema pia kwamba ukilazimisha fidia kampuni zitapandisha bei au zitakataa kwenda vijijini. Hapo namkubalia nusu. Ndiyo, ukiweka adhabu kubwa kwenye sehemu isiyolipa, kampuni itakimbia. Lakini mimi sijaomba adhabu. Nimeomba mteja asilipe saa ambazo hakupewa. Muuza maziwa akishindwa kuleta maziwa leo, humlipi ya leo. Hakuna mtu anayesema sheria hiyo itaua biashara ya maziwa.

NAMALIZIA

Siku naondoka, bibi alinisindikiza mpaka barabarani. Nikamwambia, "Bibi, nitaliandika hili jambo lenu." Akauliza, "Utaliandika wapi?" Nikamwambia, mtandaoni. Alicheka mpaka akashika kiuno. "Basi sisi tutalisomea wapi, mjukuu wangu?"

Ndiyo maana nimewaandikia nyie. Nyie ndio mnaoweza kusoma, na wengi wenu mna bibi, mjomba au shangazi mahali fulani kwenye kichuguu chake. Mkipiga kelele nyie, na wao watakuwa wamepiga.

Naomba kila mmoja aandike hapo chini: kijijini kwenu ni wilaya gani, mnara upo au haupo, na ukizima unakaa siku ngapi. Usitaje jina la mtu, taja mahali na hali. Nikipata ya kutosha nitayapanga vizuri, niyachapishe kwenye karatasi, niyapeleke kwa mkono kwa Baraza la Watumiaji na TCRA. Wakinijibu nitawaambia, wasiponijibu nitawaambia vilevile. Na kama wewe unafanya kazi kwenye hizi kampuni na unaona nimekosea mahali, nikosoe hapa hapa, hatuogopani.

Dakika zangu zinaisha, jamaa wa kafe ameshaanza kunigongea meza. Naomba kuwasilisha.